Kabla ya Kumlipa Ndugu Fungu Lake

Matanga yakishaanuliwa, huja siku ya kuizungumzia nyumba. Dada aliyemuuguza mama mpaka mwisho anaishi humo na anataka kubaki. Kaka aliyeko Mwanza ana kiwanja, anataka fedha ajenge. Mdogo wao hana haraka. Wote watatu wana haki, na dada kununua fungu la kaka ni suluhisho jema. Kosa ni kukimbilia mkopo kwanza.

Anzeni na hati. Nyumba ikiwa bado ina jina la marehemu, benki haitaipokea kama dhamana. Kwa hapa Tanzania, kikao cha familia humpendekeza msimamizi wa mirathi na mahakama humteua. Msimamizi si mmiliki: hukusanya mali, hulipa madeni ya marehemu, kisha huwagawia warithi kilichobaki. Dada akimpa kaka fedha mkononi kabla ya hapo, bila maandishi, kaka akafariki, wanawe watakuja kudai fungu la baba yao. Nani atawalaumu?

Pili, thamani. Bei ya dalali wa mtaani isiwe msingi wa mapatano. Tafuteni mthamini aliyesajiliwa, gharama mchange wote, ili asiwepo wa kusema mthamini ni wa fulani. Tuseme nyumba ina thamani ya shilingi milioni 90, haina deni, na mafungu ni sawa. Fungu la kaka ni milioni 30. Ulizeni mapema pia ushuru wa stempu na kodi nyingine za uhamisho ni kiasi gani, na nani atazilipa.

Sasa fedha. Dada akikopa milioni 30 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, inayotozwa kwenye salio linalopungua, kwa miaka 5 atarejesha kama 730,000 kila mwezi. Jumla karibu milioni 43.8. Akinyoosha hadi miaka 10, rejesho linashuka hadi kama 502,500, lakini jumla inapanda kupita milioni 60. Fungu moja limelipiwa mara mbili.

Tena, nyumba nzima ikiwekwa rehani, fungu la mdogo wao nalo limo. Dada akishindwa kulipa, mdogo anapoteza fungu lake kwa deni lisilo lake. Lazima aelezwe hivyo waziwazi kabla ya kuridhia. Dada akiwa ameolewa na hiyo ndiyo nyumba ya ndoa, ridhaa ya mume nayo inatakiwa. Mkopo wa SACCOS, unaosimama juu ya akiba na wadhamini wake mwenyewe, unaweza kuiacha nyumba salama.

Kabla ya kukopa, aulizwe kaka: je, anazihitaji zote kwa mkupuo? Wengi wetu hujenga kidogokidogo, msingi mwaka huu, kuta mwakani. Dada akimlipa 500,000 kila mwezi bila riba, miezi 60 inamaliza deni lote, kwa rejesho karibu sawa na lile ambalo benki ingelidai kwa miaka 10.

Wakili aandike bei, tarehe za awamu, na nini kitafuata dada akichelewa au mmoja wao akifariki. Wote watatu watie saini. Malipo yapitie benki, na jina la kaka libaki kwenye hati mpaka awamu ya mwisho. Maandishi hayo yatawafaa zaidi watoto wao, ambao hawakuwepo kwenye kikao.