T/TCP: Haraka Iliyokosa Baraka

Kompyuta mbili zinapotaka kuzungumza kwenye intaneti, hupigiana hodi kwanza: moja huita, ya pili huitika, ya kwanza huthibitisha. Mwaka 1994 Bob Braden wa Marekani alichapisha T/TCP, nyongeza ya TCP, kanuni za mazungumzo hayo, iliyoruka utaratibu huo ili data isafiri na pakiti ya kwanza kabisa. Mfumo endeshi wa FreeBSD uliipokea.

Kumbe mvamizi naye angeweza kughushi anwani ya kompyuta inayoaminika, akapenyeza amri kabla hajatambuliwa. Na waliotumia T/TCP walikuwa wachache mno! Mwaka 2004 FreeBSD iliiondoa, kwa haki.

TCP Fast Open, iliyochapishwa 2014, nayo huharakisha, ila kwa mteja mwenye msimbo aliokwisha kupewa na seva.