Kasa Aliyezimia Si Mfu



Kasa hupumua kwa mapafu kama sisi. Akinaswa na jarife lililotegwa usiku kucha, hushindwa kupanda juu kuvuta pumzi. Hukutwa amelegea, naye mvuvi, akidhani amekufa, humtupa baharini. Hapo ndipo huzama akafa kweli. Kasa wa kijani huchukua miaka 20 na zaidi kabla ya kuanza kutaga, hivyo pengo lake halizibiki upesi.

Yafaa alazwe chomboni kifudifudi, nyuma ainuliwe kadiri ya shubiri moja ili maji yatoke mapafuni, afunikwe kitambaa chenye maji bila kuzibwa pua. Huweza kuzindukana baada ya saa chache, pengine hata 24. Ndipo arudishwe majini taratibu, mashine ikiwa imezimwa.