Dawa hii iwafikie wagonjwa wetu

Kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukisoma habari za nanoteknolojia, yaani ufundi wa kuunda vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na aghalabu habari hizo husimuliwa kana kwamba ni mambo ya kesho na ya nchi za mbali. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kwamba sivyo. Dawa iliyotengenezwa kwa ufundi huo imekwisha kuokoa maisha ng'ambo ya ziwa, nchini Uganda, na kizuizi kilichobaki ni cha fedha na bohari.

Dawa yenyewe ni amfoterisini, iliyopatikana kutokana na vijidudu vya udongo wa kando ya mto Orinoco, nchini Venezuela, na kutumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 kuua ukungu unaoshambulia viungo vya ndani ya mwili. Mmojawapo wa ukungu huo, kriptokoka, huingia kwa pumzi, na kwa mtu ambaye kinga yake imedhoofishwa na virusi vya UKIMWI hufika hadi kwenye utando wa ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Wataalamu walikadiria kwamba katika mwaka 2020 ugonjwa huo uliua watu wapatao 112,000 duniani wenye virusi hivyo, zaidi ya nusu yao wakiwa Waafrika wa kusini mwa Sahara.

Waganga na wauguzi waliopata kuitumia amfoterisini ya zamani waujua ukali wake. Mgonjwa hutetemeka kwa baridi kitandani, damu yake hupungua, na figo huumia. Hutiwa kwa dripu kwa saa kadhaa kila siku, na damu hupimwa mara kwa mara ili figo zisije zikafa wakati ukungu unauawa. Hospitali isiyo na maabara ya kutegemewa huitoa dawa hiyo kwa kubahatisha.

Ukombozi ulianzia mahali pasipotarajiwa. Katika miaka ya 1960, huko Babraham karibu na Cambridge, Uingereza, mwanasayansi Alec Bangham alichunguza mafuta ya jinsi ile inayojenga ngozi ya chembe hai. Alibaini kwamba yakitiwa majini hujikunja yenyewe na kuwa vifuko vidogo sana, viitwavyo liposomu. Wengine wakafikiri: mbona dawa isitiwe humo? Vifuko vya amfoterisini ya leo havifikii nanomita 100, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ukivipanga sabini kwa mstari mmoja, mstari huo hauzidi upana wa chembe nyekundu moja ya damu.

Wapo wanaosema kwamba dawa ya namna hii "inajua njia". Haijui kitu. Ikiwa imefungiwa ndani ya mafuta, haiachwi huru kuzidhuru figo kama ile ya zamani. Kifuko hunata kwenye ukuta wa ukungu na kuiachia dawa papo hapo. Vifuko vingine humezwa na chembe walinzi wa ini na bandama, na humo ndimo wanamojificha vijidudu vya kala-azar, ugonjwa unaowatesa wafugaji wa Turkana, Baringo na Pokot Magharibi nchini Kenya. Lakini tusijidanganye: dozi moja iliyowaponya wengi nchini India haikutosha ilipojaribiwa Sudan na Ethiopia.

Kwa homa ya uti wa mgongo mambo yamekuwa mema zaidi. Tanzania ilishiriki, pamoja na Malawi, Zambia na Kameruni, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ulioonyesha kwamba wiki moja ya amfoterisini ya zamani pamoja na flusitosini yatosha. Mwaka 2022 ukafuata utafiti wa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Dozi moja tu kubwa ya amfoterisini ya vifuko, ikifuatwa na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa wiki mbili, haikushindwa na tiba ya wiki nzima ya dripu: katika wiki kumi walifariki takriban 25 kwa kila 100, dhidi ya 29 kwa tiba ya zamani, na madhara makali yalipungua. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Hatusherehekei vifo 25 katika 100. Twasema tu kwamba dripu ya siku moja badala ya saba ni faraja kwa mgonjwa, kwa muuguzi wa wodi yenye msongamano, na kwa ndugu anayelala sakafuni akimwuguza.

Sasa tuhesabu. Mwaka 2018 mtengenezaji alitangaza bei ya dola 16.25 kwa kichupa cha miligramu 50 kwa nchi 116 za kipato cha chini na cha kati. Mtu wa kilo 60 huhitaji miligramu 600, yaani vichupa 12, ambavyo ni dola 195. Ni fedha nyingi kwa mkulima, wala asitakiwe kuzilipa. Kwa bajeti ya taifa zavumilika. Na tangazo la bei si shehena ya dawa.

Kwa hiyo twawauliza wahusika wote wa kanda hii: akifikishwa usiku wa leo katika hospitali ya wilaya mgonjwa mwenye kichwa kinachompasuka na shingo iliyokakamaa, kipimo cha haraka cha kriptokoka kipo? Na vichupa 12 je?