Mitungi Mitatu ya Nguvu: Kupumzika Si Uvivu



Siku ya kazi ya kikundi sote twaijua. Lori limemwaga mawe ya kujengea tangi, au kuna mtaro wa fanya juu wa kuchimbwa, na watu wamefika na majembe na sururu. Mwanzo kazi inakwenda mbio. Halafu mmoja anaweka jiwe chini, anaketi. Mara sauti inasikika: "Huyo ni mvivu! Andikeni jina lake, atozwe faini." Hata sisi tumewahi kusema hivyo. Basi leo tuangalie kinachotokea ndani ya misuli ya mtu anayeinua kitu kizito, ndipo tuamue kama faini hiyo ni ya haki.

Misuli hutumia nini?

Msuli unapojikaza hutumia kitu kiitwacho ATP. Hiyo ndiyo pesa taslimu ya mwili. Lakini iliyowekwa misulini ni kidogo sana: ukitumia nguvu zako zote, ingekutosha sekunde 2 au 3 tu. Kwa hiyo lazima itengenezwe upya papo hapo, na mwili una njia tatu za kuitengeneza.

Wataalamu wamezifananisha njia hizo na matangi ya maji yaliyounganishwa kwa paipu. Margaria wa Italia alianza mfano huo, na mwaka 1986 Morton wa New Zealand akaupanua kwa hesabu. Sisi tutasema mitungi.

Mtungi wa kwanza ni mdogo, lakini mdomo wake ni mpana. Ndani yake mna fosfati ya kreatini. Humwaga nguvu upesi kuliko yote, bila kungoja hewa. Ndio unaokusaidia kunyanyua jiwe au kusukuma gari lililokwama. Ubaya wake ni kwamba ukijikaza kabisa, hukaribia kwisha kwa sekunde 10 hivi.

Mtungi wa pili ni mkubwa zaidi. Una sukari iliyowekwa misulini kutokana na ugali, viazi na vyakula kama hivyo. Nao hauhitaji hewa, lakini unapomwagika kwa kasi misuli hujaa asidi. Hapo ndipo mikono inawaka moto na jembe linakuwa zito. Kazi ya nguvu zote kwa dakika moja hivi huutegemea sana. (Maumivu ya kesho yake si asidi hiyo. Asidi huondoka ndani ya saa moja hivi. Yale ni majeraha madogo ya misuli ambayo haijazoea.)

Mtungi wa tatu ni kama kisima. Hutumia hewa ya oksijeni tunayovuta pamoja na chakula. Maji ni mengi, ila paipu yake ni nyembamba. Unatosha kwa kutembea na kupalilia siku nzima, bali hautoshi kwa kuinua mawe mfululizo.

Mitungi hii haingojani kwenye foleni. Yote hufunguka pamoja tangu mwanzo, tofauti ni ni upi unaotoa zaidi.

Nani anajaza mtungi mdogo?

Ni kile kisima, na hujaza wakati unapopumzika. Miaka ya 1960 huko Sweden, Bergström na Hultman walitumia sindano kuchukua vipande vidogo vya misuli ya watu waliofanya mazoezi na kuvipima. Tangu hapo tunajua kwamba karibu nusu ya mtungi mdogo hurudi kwa nusu dakika hivi, na baada ya dakika 3 hadi 5 umekaribia kujaa.

Basi yule aliyeketi alikuwa anajaza mtungi. Ukimlazimisha ainue tena mara moja, anainua kwa mtungi mtupu. Hapo mgongo unapinda vibaya, jiwe linaponyoka, na mguu wa mtu unaumia. Kikundi kimepata faini ya shilingi chache na kupoteza mfanyakazi wa mwezi mzima.

Tufanye nini?

1. Kazi nzito ifanywe kwa zamu. Wawili wainue, wawili wapumzike, kisha wabadilishane.
2. Baada ya kuinua mzigo mzito sana, pumzika dakika 3 hivi. Ukitembea polepole ni sawa.
3. Changanya kazi. Aliyetoka kwenye mawe akachote maji au apange kokoto.
4. Usibane pumzi unapoinua, maana shinikizo la damu hupanda ghafla. Toa pumzi.
5. Watu wale kabla ya kazi. Mtungi wa pili haujazwi na maneno.

Ya kujadili kikundini

Je, sheria yetu ya faini inatofautisha aliyekosa kuja na aliyeketi kidogo? Nani kati yetu ameumia akiogopa kuitwa mvivu? Mwandishi wa kikundi aandike majibu, na sheria irekebishwe kabla ya siku ya kazi ijayo.