Urithi wa selimundu

Urithi wa selimundu ni jinsi ugonjwa wa selimundu (huitwa pia siko seli) unavyopita kutoka kwa wazazi hadi kwa watoto kwa njia ya jeni. Ni mfano unaoonyesha wazi kanuni za msingi za urithi katika viumbehai.

Jeni na nakala zake

Jeni ni kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani. Jeni zimo ndani ya kromosomu. Binadamu ana jozi 23 za kromosomu. Katika kila jozi moja imetoka kwa mama na nyingine kwa baba. Hivyo mtu ana nakala mbili za karibu kila jeni, lakini humpa mtoto nakala moja tu.

Kanuni hiyo iligunduliwa na Gregor Mendel, mtawa wa Brno (leo nchini Ucheki), kwa kupandisha njegere. Katika maandishi yake ya mwaka 1866 alionyesha kwamba sifa inaweza kufichika katika kizazi kimoja na kujitokeza tena katika kizazi kinachofuata.

Jeni ya himoglobini

Himoglobini hubeba oksijeni katika damu. Badiliko dogo katika jeni yake mojawapo, iliyopo kwenye kromosomu ya 11, huleta himoglobini S badala ya himoglobini A ya kawaida. Himoglobini S inapokosa oksijeni hushikamana, na seli nyekundu hupinda kama mundu. Seli hizo huziba mishipa midogo na kusababisha maumivu makali; pia huvunjika mapema na kuleta upungufu wa damu.

* AA: mtu hana jeni ya selimundu.
* AS: mtu anabeba jeni hiyo, lakini kwa kawaida haugui.
* SS: mtu ana ugonjwa wa selimundu.

Uwezekano kwa watoto

Wazazi wote wawili wakiwa AS, katika kila mimba uwezekano wa kupata mtoto AA ni 25%, AS 50% na SS 25%. Hesabu huanza upya kila mimba: kuzaliwa kwa mtoto mgonjwa hakumkingi anayefuata. Mtoto SS amepokea nakala moja ya S kwa kila mzazi. Kwa hiyo si sahihi kumlaumu mama peke yake au baba peke yake. Kipimo cha damu huweza kuonyesha kama mtu ni AS kabla hajapata watoto.

Uhusiano na malaria

Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti uliofanyika Afrika Mashariki ulioonyesha kwamba watu wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Katika maeneo yenye malaria nyingi walinusurika zaidi na kurithisha jeni hiyo. Ndiyo sababu selimundu bado imeenea huko, ingawa nakala mbili za jeni hiyo huleta ugonjwa.