Homa ya Baridi Yabisi: Ni Watoto wa Umri Gani Huipata?

Leo tunazungumzia homa ya baridi yabisi.

Ukisikia jina hilo, huenda ukafikiria magoti ya wazee yanayouma. Huo ni ugonjwa mwingine. Homa ya baridi yabisi huanza hasa utotoni, na hailetwi na kunyeshewa wala kucheza kwenye baridi. Huanzia kooni.

Kuna bakteria waitwao streptokokasi wanaosababisha koo kuuma. Mwili wa mtoto hujitengenezea kinga ya kupigana nao. Kwa watoto wachache, kinga hiyo hugeuka na kushambulia viungo, ngozi, ubongo na moyo wa mtoto mwenyewe. Mara nyingi hili hutokea wiki 2 hadi 3 baada ya koo kuuma, wakati mama amekwisha kusahau.

Je, ni umri gani wa kuwa macho?

Chini ya miaka 3, ugonjwa huu ni nadra sana.

Miaka 5 hadi 15 ndio umri wa hatari zaidi. Huu ni umri wa shule. Watoto hubanana darasani na kulala wengi katika chumba kimoja, nao huambukizana koo kwa urahisi.

Baada ya miaka 15, kuugua kwa mara ya kwanza hupungua. Lakini aliyewahi kuugua anaweza kuugua tena, na kila mara moyo huzidi kuharibika.

Ukiwa mtu mzima, ni nadra kuugua kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, madhara ya utotoni huweza kujitokeza wakati huu. Wako akina mama wanaogundua kwamba vali za moyo zimeharibika wanapopata mimba na kuanza kukosa pumzi.

Dalili ni zipi? Mtoto hupata homa. Goti huvimba na kuuma, likipoa maumivu huhamia kifundo cha mguu, kiwiko au kiganja. Usiseme tu kwamba "anarefuka." Wengine huchoka upesi, hukosa pumzi au huumwa na kifua. Wengine, hasa wasichana, mikono huwachezacheza bila wao kutaka: wanaangusha vikombe na mwandiko unaharibika. Mtoto kama huyu asichapwe. Apelekwe hospitali.

Tena, usidanganyike maumivu yakiisha. Viungo hupona vizuri, lakini moyo unaweza kubaki na kovu.

Sasa, mama, utafanya nini? Mtoto akiumwa na koo ghafla, akiwa na homa na uvimbe shingoni, bila mafua wala kikohozi, mpeleke kituo cha afya mapema. Penisilini ikianzishwa ndani ya siku 9 tangu koo lilipoanza kuuma, huweza kuzuia homa hii. Akipewa dawa ya kumeza ya siku 10, amalize siku zote 10, hata akipata nafuu siku ya tatu. Mwambie mhudumu kama penisilini imewahi kumdhuru. Maji ya chumvi hutuliza koo, lakini hayaui bakteria hao. Wala usikubali mtoto akatwe kilimi. Hakuzuii ugonjwa huu, na kunaweza kumsababishia kuvuja damu nyingi.

Kama mtoto wako amekwisha kuugua, daktari atamwandikia sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4. Ambaye moyo wake haukuguswa huchomwa kwa angalau miaka 5 au hadi afikishe miaka 21, kutegemea ni kipi kirefu zaidi. Ambaye moyo uliharibika huendelea kwa muda mrefu zaidi. Najua sindano hiyo inauma, na nauli ni shida. Lakini sindano moja ikirukwa, mlango unaachwa wazi. Andika tarehe kwenye kalenda ukutani, na akienda shule ya bweni, mweleze mwalimu na muuguzi wa shule.

Basi leo jioni, waulize watoto wako wa shule: koo linauma? Kiungo chochote kinauma? Ukijibiwa ndiyo, usingoje.