Kordi Nzito Hujifunzwa Kwayani: Somo kwa Wapiga Kinanda wa Meru na Embu

Ukipita Jumapili barabara ya Embu kwenda Meru, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, utayapita makanisa ya Kianglikana, Kikatoliki, Kipresibiteri na Kimethodisti, na mengi kati yake yana kinanda cha umeme. Anayekipiga mara nyingi ni kijana aliyejifunza mwenyewe kwa kuwatazama wenzake. Kordi anazijua tatu au nne, na anazipiga kama alivyozikuta siku ya kwanza: do-mi-so, fa-la-do, so-ti-re. Kila kordi ina noti tatu zilizobanana, na mkono wa kushoto unarudia yaleyale ya mkono wa kulia. Akisikia rekodi za injili za Nairobi au Marekani, hudhani wenzake wanajua kordi za siri. Siri hiyo ni ndogo kuliko anavyodhani, na sehemu yake kubwa imo katika kwaya iliyosimama mbele yake.

Wamishenari walipoingia huku mwanzoni mwa karne ya 20, waliwafundisha watu kuimba nyimbo za sauti nne kwa tonic sol-fa, mfumo wa maandishi ambao John Curwen aliueneza Uingereza katika karne ya 19. Hadi leo mwalimu wa kwaya huandika ubaoni do, re, mi kwa herufi moja moja na kugawa sauti: soprano, alto, teno na besi. Hebu tazama kordi ya do kwaya inapoiimba. Besi yuko chini kabisa kwenye do, teno ameshika so, alto mi, na soprano yuko kwenye do ya juu. Noti ni zilezile tatu za mpiga kinanda, ila zimetawanywa. Kanuni ya zamani ya uandishi wa kwaya inaruhusu nafasi kubwa kati ya besi na teno, lakini kati ya sauti tatu za juu, kila moja isiachane na jirani yake kupita oktava moja. Huo ndio mpangilio wa sauti, na ndio unaofanya watu ishirini bila chombo chochote wasikike wamejaa.

Sababu yake inapimika. Do ikiwa ni C, ukipiga do na mi katika oktava ya pili ya kinanda, do inatetema takriban mara 65 kwa sekunde na mi mara 82. Tofauti ni mitetemo 17 tu, na sikio huisikia kama mkwaruzo. Panda hadi do ya kati: sasa ni 262 na 330, tofauti ni 68, na sauti inatulia. Ndiyo maana mkono wa kushoto ukibana noti tatu chini, wimbo unavurugika hata kama kordi ni sahihi. Chini weka do peke yake, au do na so. Mi ipandishe kwenye mkono wa kulia.

Hatua ya pili ni kupunguza safari za mkono. Badala ya kuruka kutoka do-mi-so hadi fa-la-do, acha do mahali pake, mi ipande hadi fa, so ipande hadi la. Umepata do-fa-la, nayo ni kordi ya fa iliyogeuzwa. Kwenda kordi ya so, do inashuka ti, fa inashuka re, la inashuka so: ti-re-so. Kisha unarudi do-mi-so. Kila kidole kimesogea kidogo tu, kama alto na teno wanavyosogea kwenye kitabu cha nyimbo.

Baada ya hapo ndipo uongeze noti. Anza na re kwenye kordi ya do: kushoto do na so, kulia re, mi na so. Wengi hukimbilia ti, kwa sababu do-mi-so-ti inapendeza ikipigwa peke yake. Lakini soprano wakishikilia do juu, ti yako iliyo nusu hatua chini yao itagombana nao. Re na la hazina ugomvi huo. Jaribu do chini, na juu yake mi, la, re, so; kuanzia la, kila moja ni noti ya nne ukihesabu kutoka iliyoitangulia. Ukiongeza ti juu kabisa, na do ikiwa ni C, juu ya do hiyo unapata noti tano ambazo mpiga jazz Bill Evans alizipiga kwenye piano katika wimbo wa So What wa Miles Davis, uliorekodiwa mwaka 1959, ingawa pale besi ilikuwa nyingine. Kwa kordi ya so, weka so kushoto na fa-la-do kulia. Waumini watajua kwamba wimbo unakaribia kutua. Ila alto wakiwa wanaimba ti papo hapo, iache.

Mazingira nayo yana amri yake. Penye ngoma ndefu za Wachuka, zile zinazobanwa kati ya miguu, na gita la besi, sehemu ya chini tayari ina wenyewe. Mkono wa kushoto upumzike. Kwenye harusi ya uwanjani, spika ikiwa ndogo na sauti imefunguliwa hadi inakoroma, noti sita huwa kelele. Tatu zilizoachana vizuri zitafika mbali zaidi. Na anayetumia stili za kinanda, yaani midundo inayojipiga yenyewe, akumbuke kwamba mashine inasoma kordi kutoka mkono wa kushoto na kuipanga inavyotaka yenyewe. Hapo uhuru wake umebaki mkono wa kulia.

Kuna pia kitufe cha transpose, kinachopandisha au kushusha sauti zote, ambacho wengi hukitegemea ili wabaki kwenye ufunguo wa C siku zote. Hakina dhambi, lakini anayekitegemea anajinyima kuizoea mikao mingine ya vidole, na umeme ukipotea huku kanisani kuna piano ya kawaida, ataaibika.

Utajiri wa kordi, kwa hiyo, huanzia kwenye nafasi kati ya noti, na noti za ziada hufuata baadaye. Mpiga kinanda wa Meru au Embu hana haja ya kungoja mwalimu kutoka mjini. Aombe nakala ya sol-fa ya wimbo mmoja ambao kwaya yake inaujua. Apige besi peke yake hadi mwisho, kisha teno, alto na soprano, halafu aziunganishe mbili mbili, na mwisho zote nne. Akiweza nyimbo tatu hivyo, re na la zitajionyesha zenyewe mahali zinapofaa.